Ubuntu iliyopotea bila kufutwa: kisa cha kompyuta yenye diski mbili na mifumo miwili

Mazingira

Kisa hiki ni cha ofisi ya upimaji ardhi mjini Moshi. Majina, mtaa na tarehe vimeondolewa. Aina ya diski, mpangilio wake na mfuatano wa mambo vimeachwa vilivyo, kwa sababu humo ndimo kisa kilipo.

Ofisi ilikuwa na kompyuta moja ya mezani yenye nguvu, iliyonunuliwa ikiwa imetumika: Intel ya kizazi cha 8, RAM GB 32, diski ya NVMe (SSD ndogo inayochomekwa kwenye bodi) ya GB 256 yenye Windows 10. Windows ilikuwa ya hesabu, barua na programu ya michoro. Baadaye ilikuja droni ya kupiga picha mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya mlima, na kazi ya kuunganisha picha hizo kuwa ramani ilikwenda vizuri zaidi kwenye Linux. Fundi akaongeza SSD ya SATA (inayounganishwa kwa waya) ya GB 480 na kuweka Ubuntu 22.04 humo.

Hoja ya kununua diski ya pili ilikuwa moja, nayo ilikuwa nzuri: kila mfumo ukae kwenye diski yake, ili mmoja ukiharibika mwingine usiguswe. Kwa miezi kadhaa kila mtu aliamini hivyo ndivyo ilivyo.

Usakinishaji wa kwanza

Kwenye kisakinishi cha Ubuntu fundi alichagua kugawa diski kwa mkono. Kwenye SSD ya SATA, yaani `sda`, alitengeneza patisheni (vipande vya diski) mbili: `sda1` ya MB 512 kama patisheni ya EFI, yenye kuhifadhi faili za kuwashia, na `sda2` ya ext4, muundo wa faili wa Linux, kwa nafasi yote iliyobaki. Chini ya dirisha lile kuna sehemu ya kuchagua diski itakayopokea butiloda, ile programu ndogo inayouwasha mfumo. Alichagua `/dev/sda`. Kwa yeyote anayesoma skrini hiyo, hakuna zaidi ya kufanya.

Tatizo ni kwamba kwenye kompyuta ya UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta; ya zamani huitwa Legacy), kisakinishi hicho cha zamani, ambacho 22.04 ya mezani bado inakitumia, kina tabia inayojulikana: kikikuta patisheni ya EFI kwenye diski ya kwanza, kinaweza kuweka butiloda humo bila kujali ulichochagua. Ndicho kilichotokea. GRUB, butiloda ya Ubuntu, iliingia kwenye `nvme0n1p1`, patisheni ya MB 100 ya Windows, ikakaa kwenye folda ya `EFI/ubuntu` kando ya `EFI/Microsoft`. `sda1` ilibaki imefomatiwa na tupu kabisa.

Kompyuta iliwaka vizuri. Menyu ya GRUB ilitokea. Hakuna dalili yoyote ya nje inayotofautisha hali hii na usakinishaji uliokaa sawa, na ndiyo maana haikugunduliwa.

Diski inabadilishwa

Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Diski ya GB 256 nayo ilikuwa imejaa. Ofisi ikaamua kufanya yote kwa pamoja: NVMe mpya ya TB 1 na Windows 11 ya toleo la 24H2 isiyobeba chochote cha zamani.

Fundi wa kwanza (tumwite hivyo, si yule aliyeweka Ubuntu) alifanya jambo moja la kusifiwa. Kabla ya kuweka Windows alichomoa waya wa SSD ya SATA. Kisakinishi cha Windows nacho hupenda kutumia patisheni ya EFI kinayoikuta tayari, hata ikiwa kwenye diski nyingine. Asingeuchomoa waya ule, butiloda ya Windows ingeweza kwenda kukaa kwenye `sda1`, na mifumo ingefungamana upya kwa upande wa pili. Diski ya zamani aliitoa na kuikabidhi kwa mwenye ofisi ikiwa nzima, bila kuifuta.

Windows 11 ikakaa. Waya wa SATA ukarudishwa. Kompyuta ikawashwa, ikaenda Windows moja kwa moja. Kwenye menyu ya kuchagua diski ya kuwashia kulikuwa na mstari mmoja tu: Windows Boot Manager. Ubuntu haikuwepo.

Alifungua Disk Management. Akaona SSD ya SATA ina patisheni mbili, ya pili ikiwa haina herufi wala aina ya faili inayosomeka. Hilo ni la kawaida, Windows haisomi ext4, lakini yeye alilitafsiri kuwa diski imeharibika au imefutwa. Akaingia BIOS (mipangilio ya bodi), akazima Secure Boot, ulinzi unaoruhusu butiloda zilizosainiwa tu, na kuwasha hali ya Legacy, akitumaini Ubuntu itajitokeza. Haikujitokeza. Iliyojitokeza ni skrini ya buluu ya BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, ikidai ufunguo wa tarakimu 48.

Hakuna mtu ofisini aliyekumbuka kuwasha BitLocker, na kweli hakuna aliyeiwasha. Kuanzia 24H2, Windows 11 inayosakinishwa upya kwenye mashine yenye TPM 2.0 (chipu inayotunza funguo) na Secure Boot husimba diski yenyewe mara mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo uliwekwa kwenye akaunti ya mwenye ofisi, naye siku hiyo alikuwa shambani Rombo na simu haikupatikana. Kwa hiyo mpaka mchana mifumo yote miwili ilikuwa haifunguki, na pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kusakinisha Ubuntu upya kwa kufuta diski nzima. Kwenye diski hiyo kulikuwa na picha za droni takriban GB 180, sehemu yake ikiwa haina nakala popote.

Maamuzi ya fundi wa pili

Fundi wa pili aliitwa kabla pendekezo hilo halijatekelezwa. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kutobadilisha chochote kipya, bali kurudisha kilichobadilishwa. Alizima Legacy, akawasha Secure Boot kama ilivyokuwa, akahifadhi. Windows ikafunguka bila kudai ufunguo. Sababu ni kwamba TPM huachia ufunguo pale hali ya kuwashia inapolingana na ile iliyorekodiwa, na hali ya Secure Boot ni sehemu ya rekodi hiyo. Kuizima kulibadili kipimo, kuirudisha kulikirejesha. Wengi hukimbilia kutafuta ufunguo au, vibaya zaidi, kufomati, wakati dawa ni kurudisha swichi moja.

Hapo hapo, Windows ikiwa wazi, alichapisha ufunguo kwa amri hii kwenye dirisha la msimamizi:

`manage-bde -protectors -get C:`

Karatasi ikaingia kwenye jalada la ofisi. Kisha akasimamisha ulinzi kwa muda ili kazi inayofuata isizue skrini ile tena:

`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`

Sifuri hapo maana yake ni mpaka uiwashe mwenyewe. Ni lazima ukumbuke kuirudisha kwa `-enable`.

Uamuzi wa pili ulikuwa nakala kwanza, matengenezo baadaye. Aliwasha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu katika hali ya kujaribu, bila kusakinisha, mashine ikiwa kwenye UPS kwa sababu umeme ulikuwa wa kukatika. Akaangalia:

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID,PARTUUID`

`sda` ilionekana ya GB 447, ndiyo 480 ya dukani ikihesabiwa kwa namna ya Linux. `sda2` ilikuwa ext4, nzima. Aliifungua kwa kusoma tu, `mount -o ro`, akakuta kila folda mahali pake, akanakili picha zote kwenye diski ya nje ya USB 3.0. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Tangu hapo hapakuwa na cha kuogopa.

Kutafuta butiloda ilikokwenda

Sasa swali lilikuwa: mfumo mzima upo, kwa nini hauwaki? Alifungua `sda1`. Haikuwa na hata folda moja. Akaomba diski ya zamani, akaiweka kwenye kasha la NVMe la USB na kufungua patisheni yake ya EFI. Humo kulikuwa na `EFI/Microsoft`, `EFI/Boot` na `EFI/ubuntu`. Ndani ya folda ya mwisho, pamoja na `shimx64.efi` na `grubx64.efi`, kulikuwa na faili dogo la `grub.cfg` lenye mistari mitatu:

`search.fs_uuid …`
`set prefix=($root)'/boot/grub'`
`configfile $prefix/grub.cfg`

UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) kwenye mstari wa kwanza ilikuwa ile ile ya `sda2`. Hiyo ilitosha kama ushahidi. Butiloda ilikaa diski moja na kuelekeza diski nyingine, na diski ilipotolewa iliondoka na njia ya kuingilia.

Akasoma pia `/etc/fstab` ya Ubuntu, faili lenye orodha ya patisheni zinazopandishwa mfumo unapowaka. Mstari wa `/boot/efi` ulikuwa na UUID ya patisheni ya diski iliyotolewa. Aliuona, lakini alianza na GRUB, na mstari huo ukaja kumdai baadaye.

Matengenezo

Kabla ya lolote alihakikisha flashi imewaka kwa UEFI. Folda ya `/sys/firmware/efi` ikiwepo, ni UEFI. Isipokuwepo, umewasha kwa Legacy, na utakachosakinisha hakitaandika mstari kwenye kumbukumbu ya bodi. Kisha:

`sudo mount /dev/sda2 /mnt`
`sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi`
`for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done`
`sudo chroot /mnt`

Hiyo `--rbind` ni muhimu kwa `sys`: bila `r`, sehemu ya efivars iliyo ndani yake haiji, na `grub-install` italalamika kwamba haiwezi kuandika vigezo vya EFI. Ndani ya chroot, yaani ukifanya kazi ndani ya Ubuntu ya `sda2` badala ya ile ya flashi:

`grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=ubuntu`
`update-grub`

Safari hii `sda1` ilipokea `shimx64.efi`, `grubx64.efi`, `mmx64.efi` na `grub.cfg`. Shim ndiyo inayoiwezesha Ubuntu kuwaka Secure Boot ikiwa imewashwa, hivyo hapakuwa na sababu yoyote ya kuizima. Aliwasha upya, menyu ya GRUB ikatokea, akachagua Ubuntu.

Ubuntu ilianza, ikaganda kwenye mstari unaosema inasubiri diski yenye UUID fulani, saa ikihesabu hadi dakika 1 na sekunde 30, kisha ikaangukia hali ya dharura. Huo ndio ule mstari wa fstab. Mstari wa `/boot/efi` hauna neno `nofail`, kwa hiyo systemd, programu inayoanzisha huduma za Ubuntu, ikiikosa patisheni hiyo huhesabu kuwa mashine si salama kuendelea, hata kama mizizi ya mfumo ipo na ni mizima. Fundi asiyejua hili angesema GRUB haikushika na kuanza upya.

Alibonyeza Enter kuingia, kwa kuwa Ubuntu kwa kawaida haina neno la siri la root, akaitafuta UUID ya `sda1` kwa `blkid -s UUID -o value /dev/sda1`, akaiandika kwenye fstab mahali pa ile ya zamani. UUID ya patisheni ya FAT ni fupi, herufi na tarakimu nane zenye kistari katikati, kwa hiyo ni rahisi kuitambua. Baada ya kuwasha tena, Ubuntu ilifika hadi kwenye skrini ya kuingilia.

Kilichobaki ni mpangilio wa kuwashia. `grub-install` hujiweka ya kwanza, na katibu wa ofisi hutumia Windows pekee. `efibootmgr -v` ilionyesha Windows Boot Manager ikiwa 0000 na ubuntu 0001, hivyo:

`sudo efibootmgr -o 0000,0001`

Wapimaji wakitaka Ubuntu hubonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia na kuichagua. Wangeweza kuingia mifumo yote miwili kupitia GRUB kwa kuweka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye `/etc/default/grub`, kwa kuwa tangu GRUB 2.06 utafutaji wa mifumo mingine huzimwa usipouwasha. Fundi alikataa kwa makusudi. Windows iliyosimbwa ikiitwa kupitia shim na GRUB, vipimo vya TPM hubadilika, na mara nyingi ile skrini ya tarakimu 48 hurudi. Kila mfumo kuitwa moja kwa moja na bodi kunaondoa mgogoro huo wote.

Matokeo

Jaribio la mwisho lilikuwa la kweli: kompyuta ilizimwa, waya wa SATA ukachomolewa, Windows ikawaka. Waya ukarudishwa, NVMe ikatolewa, Ubuntu ikawaka. Ulinzi wa BitLocker ukarudishwa kwa `manage-bde -protectors -enable C:`. Hakuna picha iliyopotea.

Siku iliyofuata ofisi ililalamika kwamba saa ya Windows imerudi nyuma kwa saa tatu. Ubuntu huandika saa ya bodi kwa UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Windows 10 ya zamani ilikuwa na kigezo cha `RealTimeIsUniversal` kwenye rejista, kilichowekwa na yule fundi wa Ubuntu, nacho kilikwenda na diski. Safari hii marekebisho yalifanywa upande wa Ubuntu:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Amri hii hutoa onyo, kwa sababu kwenye nchi zinazosogeza saa kwa majira huleta vurugu. Tanzania haisogezi saa, kwa hiyo hapa onyo halina uzito, na mpangilio utadumu hata Windows ikiwekwa upya.

Uchambuzi

Chanzo cha yote ni usakinishaji wa kwanza, si kubadilisha diski. Ni haki kusema kwamba fundi yule alichagua sawasawa kila alichoonyeshwa. Alichokosa ni kuhakiki. Amri moja, siku ile ile, ingetosha:

`findmnt /boot/efi`

Ikijibu `/dev/nvme0n1p1` wakati Ubuntu iko `sda`, mifumo imefungamana. Hapo matengenezo ni ya dakika kumi, mashine ikiwa inawaka: badilisha UUID kwenye fstab, shusha `/boot/efi`, pandisha ile ya `sda1`, endesha `grub-install`. Hakuna flashi, hakuna chroot. Yaliyofanywa miezi baadaye yalikuwa hayo hayo, yakifanyiwa kwenye mashine iliyokufa.

Kinga bora zaidi ni kutoipa programu nafasi ya kuchagua: chomoa diski ya mfumo mwingine kabla ya kusakinisha. Kwa SATA ni waya. Kwa NVMe ni skrubu moja, lakini kwenye kompyuta nyingi ndogo za mezani iko chini ya kasha la diski au feni, na ndiyo maana watu huruka hatua hii. BIOS nyingi za mashine za ofisi zina mahali pa kuzima tundu la M.2 bila kufungua bodi. Usipopata, fungua GParted kwenye flashi, ondoa bendera za `boot` na `esp` kwenye patisheni ya EFI ya Windows, sakinisha Ubuntu, kisha zirudishe kabla ya kuwasha Windows. Ni njia nzuri, ila ukisahau kuzirudisha utakuwa umejitengenezea kisa kingine.

Fundi wa kwanza analaumiwa kirahisi, na si sahihi kumlaumu kwa yote. Kuchomoa SATA na kutofuta diski ya zamani ndivyo vilivyorahisisha uchunguzi. Diski ile ingefomatiwa, ushahidi wa `EFI/ubuntu` usingekuwepo, ingawa matengenezo yangewezekana bado. Kosa lake lilikuwa kugeuza swichi mbili za BIOS kwa pamoja bila kujua anatafuta nini. Mfumo uliosakinishwa kwa UEFI hauwezi kujitokeza kwa Legacy, kwa sababu Legacy hutafuta msimbo kwenye sekta ya kwanza ya diski na humo hapakuwahi kuwekwa kitu. Kabla ya kugusa chochote kwenye BIOS ya mashine yenye Windows 11, `manage-bde -status` ndiyo hatua ya kwanza. Usidhani haijasimbwa kwa kuwa hakuna aliyeisimba.

Fundi wa pili alifaulu kwa sababu ya mpangilio wa hatua zake zaidi ya ujuzi wa amri: alirudisha hali ya mwanzo, akahifadhi ufunguo, akanakili data, akatafuta ushahidi, ndipo akaandika. Pungufu lake ni fstab. Aliiona, akaiacha, na kwa ofisi iliyokuwa ikimtazama ile hali ya dharura ilionekana kama kazi imeshindikana. Kila `grub-install` inayohamisha patisheni ya EFI iende sambamba na marekebisho ya fstab kabla ya kutoka kwenye chroot.

Kuna jambo ambalo halijakamilika. `sda` bado ni diski moja inayobeba mfumo na picha za kazi kwa pamoja. Nakala ya diski ya nje ilifanywa kwa sababu ya dharura, na ofisi haijapanga nani atairudia na lini. Pendekezo lililoachwa ni kuweka picha kwenye patisheni yake ya exFAT inayosomwa na mifumo yote miwili, kuzima Fast Startup kwa `powercfg /h off` ili Windows ikizimwa izimike kweli na kuachilia patisheni hiyo, na kunakili kila baada ya droni kurudi kutoka shambani, kabla kadi ya kumbukumbu haijafutwa.